Mama, kumbe bibi ana miguu

Mwaka jana Desemba tulisafiri kwenda nyumbani na watoto wawili, mkubwa alikuwa na miaka mitatu na nusu na mdogo alikuwa anakaribia kufikisha miwili, na tulipotoka pale kwenye mlango wa wanaowasili mama yangu alikuwa amesimama mbele ya watu wote, mikono ameshaifungua. Mkubwa akasimama. Akamwangalia bibi yake kuanzia usoni, akashuka taratibu mpaka chini, akarudi juu, halafu akanivuta shati akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Mama, kumbe bibi ana miguu!"

Watu walicheka, mama alicheka mpaka akajifuta machozi, na mimi nilicheka lakini ile sentensi nimekaa nayo mwaka mzima. Kwa sababu ni kweli jamani. Mtoto alikuwa anaongea na bibi yake karibu kila wiki tangu azaliwe na hajawahi kumwona chini ya kifua. Kwake bibi alikuwa ni uso na mabega na dari nyuma yake, na siku nyingine kidevu tu, pale mama anapojisahau na simu ikashuka. Mtu mzima anajua kwamba kilichobaki kipo, mtoto atajuaje?

Sasa Desemba imefika tena na safari hii hatuendi. Watoto wote wawili sasa wanahitaji viti vyao kwenye ndege, nauli za mwisho wa mwaka mnazijua, na likizo ya baba yao haikutosha, kwa hiyo tunabaki huku. Nimekaa wiki mbili naandika na kufuta kwa sababu kuna kitu nataka kuwaambia wenzangu mnaolea watoto wadogo mbali na kwenu, kitu ambacho mimi nilichelewa kukiona. Ile huzuni ya sikukuu inayotubana kifua kuanzia Novemba ni ya kwetu sisi wakubwa, watoto hawana. Mtoto wa miaka minne hawezi kuikosa Krismasi ya utoto wako, hakuwepo. Anachokosa yeye ni vitu vingine kabisa, na sisi tukishazama kwenye vyetu hatuvioni.

Chukulia simu ya Krismasi ya mwaka juzi. Nyumbani ukoo mzima umekusanyika, wajomba, mashangazi, mabinamu, majirani waliopita kusalimia, na simu inazunguka mkono kwa mkono kama kapu la sadaka kanisani. Kila anayeishika anasogeza uso karibu kabisa na kamera na kuuliza lile lile, "Unanijua mimi nani? Haya sema jina langu! Hunikumbuki kweli?" Mtandao unakatika, sauti inakuja nusu, nyuma mziki, watoto wa kule wanapiga kelele. Mwanangu wakati huo alikuwa na miaka miwili na nusu. Alivumilia nyuso nne hivi, ya tano akashuka kwenye kochi akaingia chini ya meza. Nikamtoa. Nikamwambia msalimie mjomba, akanyamaza, nikamwambia sema shikamoo, akaisema huku machozi yanamtoka, mjomba akaitikia marahaba kwa furaha kabisa maana kule picha ilikuwa imeganda haoni kama mtoto analia, na mimi nikawaambia wote kwamba ana usingizi. Hakuwa na usingizi. Alikuwa anaogopa, na mimi nilimlazimisha kwa sababu nilikuwa naona aibu kwamba mtoto wangu hawajui watu wangu. Nilimkosea. Usiku nilikaa pembeni ya kitanda chake muda mrefu sana.

Ndio maana lile swali la unanikumbuka naomba tuliache, na tuwaombe na ndugu zetu waliache. Watu wazima wengi wakijaribu kukumbuka jambo lao la kwanza kabisa maishani wanaishia kwenye umri wa miaka mitatu, mitatu na nusu hivi, kabla ya hapo giza. Mtoto wa miaka miwili aliyekuona mara moja akiwa na miezi tisa hakukumbuki na hajakukosea adabu, ubongo wake bado haujaanza kutunza mambo kwa namna hiyo. Wewe mwambie tu, "Mimi ni mjomba, nina gari nyekundu, ngoja nikuonyeshe." Mwanangu mpaka leo mjomba mmoja anamjua kwa sababu siku moja alimwonyesha paka aliyelala ndani ya ndoo. Huyo hana haja ya kuuliza.

Najua kuna mzazi ataniuliza habari ya skrini. Ni kweli Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo kwamba mtoto chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Ila madaktari wa watoto wa Marekani kwenye mwongozo wao wa 2016 walisema epuka skrini kabla ya miezi 18 isipokuwa vidio koli, hiyo wameitoa kwenye katazo, na mimi nikiangalia watoto wangu naona mantiki yake, kwa sababu upande wa pili kuna mtu anayejibu. Mtoto akicheka bibi anacheka, mtoto akionyesha kidole bibi anauliza nini hicho. Katuni haifanyi hivyo hata siku moja.

Tatizo letu sisi ni masaa. Kati yetu na nyumbani kuna tofauti ya saa nane, wao wako mbele. Watoto wakitoka chekechea saa kumi na moja jioni kule ni saa saba usiku, mama ameshalala zamani. Kwa hiyo tumebakiwa na asubuhi tu, na asubuhi ya siku ya kazi ni vita vya soksi na viatu, huwezi kumpigia mtu. Miaka miwili ya kwanza tulikuwa tunapiga jioni yetu ya Jumapili, mama anajilazimisha kukaa macho mpaka usiku wa manane, amechoka, watoto wamechoka, mnaongea dakika tatu za kuulizana mmekula. Siku hizi ni Jumamosi saa moja asubuhi yetu, kule saa tisa alasiri, jua lipo, mama ameshamaliza shughuli zake na watoto ndio wameamka wana nguvu zote za dunia. Ni badiliko dogo tu lakini limefanya kazi kuliko zawadi zote nilizowahi kutuma kwa posta.

Turudi kwenye safari ya mwaka jana. Habari za ndege nitazipitia haraka. Mtoto chini ya miaka 2 kwenye mashirika mengi anakaa mapajani kwa mzazi, na safari za kimataifa mara nyingi analipiwa kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima, lakini akitimiza 2 mkiwa huko huko safarini, kurudi inabidi awe na kiti chake. Mdogo wetu amezaliwa mwisho wa Desemba, na aliyetukatia tiketi alikuwa na tarehe yake ya kuzaliwa mbele yake na hakusema kitu, tumekuja kujua wiki moja kabla ya kurudi na ndege imeshajaa. Tulipata kiti lakini kwa mahangaiko, angalieni tarehe zenu mapema. Pasipoti za watoto kwa nchi nyingi ni za miaka 5 tu, na nchi nyingi zinataka ibaki na miezi 6 mbele. Mzazi anayesafiri peke yake na watoto abebe barua ya ruhusa ya mzazi mwenzake yenye muhuri wa mwanasheria, maafisa wa mpakani hawaulizi kwa ubaya, wapo watoto wanaovushwa na mzazi mmoja bila mwingine kujua mpaka kuna mkataba wa kimataifa wa Hague wa mwaka 1980 kwa ajili hiyo. Maziwa ya mtoto hayaguswi na ile sheria iliyoanza 2006 ya kutobeba mkononi kimiminika cha zaidi ya mililita 100, ila unayatoa kwenye begi na kuyaonyesha. Na ndege ikianza kushuka mpe mtoto kitu cha kunyonya au kunywa, mirija inayounganisha masikio na koo kwa watoto ni myembamba na imelala zaidi kuliko ya kwetu kwa hiyo hewa inakwama, na kumeza ndiko kunakoifungua. Mkubwa alilala wakati wa kushuka nikaona huruma kumwamsha, akaamka mwenyewe analia anashika sikio. Safari nyingine nitamwamsha.

Begi moja halikufika. Ndilo lililokuwa na zawadi zote za watoto, tulizokuwa tunazinunua kidogo kidogo tangu Septemba na kuzificha kabatini. Nilisimama pale kwenye mkanda wa mizigo mpaka ukazimwa. Tukaandika ripoti (andikeni hapo hapo kabla hamjatoka nje, na mtunze kile kikaratasi, chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999 wa safari za ndege za kimataifa una siku 21 tangu upewe begi lako kudai kwa maandishi hasara ya kucheleweshewa, na begi lililoharibika ni siku 7 tu), na mimi njia nzima naomboleza, Krismasi itakuwaje, watoto watafungua nini. Lilikuja siku ya nne. Siku hizo tatu watoto walikaa uani na beseni la maji na kopo moja la plastiki lililopasuka kwenye ukingo. Mkubwa anachota, anamwaga, mdogo anaweka mkono chini ya maji yanayodondoka kwenye ule ufa na kuuangalia mkono wake kama ameona ajabu. Bibi kakaa kwenye kigoda anawaongezea maji. Hakuna hata mmoja aliyeulizia zawadi. Begi lilipofika walifungua, wakafurahi, wakarudi kwenye kopo.

Lakini usiku. Usiku ndio nataka kuueleza vizuri kwa sababu nilikuwa nauogopa kuliko kitu chochote. Ukivuka saa nane kwenda mashariki mwili wa mtoto unabaki kule ulikotoka, saa mbili usiku ya bibi kwake ni saa sita mchana, na saa nane usiku, wakati mtaa mzima umelala na hata mbwa wamenyamaza, kwake ndio jioni ya kucheza kabla ya kulala. Saa ya mwili iko ndani ya ubongo na inajirekebisha kwa mwanga unaoingia machoni, waliochunguza inavyofanya kazi ndani ya seli, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Nobel mwaka 2017, na kwa kawaida inasogea kama saa moja kwa siku, kwa hiyo saa nane ni wiki nzima na siku moja hivi. Na kwenda mashariki ni kugumu kuliko magharibi, kwa sababu kwa wengi wetu mzunguko wa mwili unazidi saa 24 kidogo, kuchelewa kulala unauweza, kuwahi hauuwezi. Huwezi kumwelezea hayo mtoto wa miaka mitatu aliyesimama kitandani anauliza kwa nini watu wote wamelala mchana.

Usiku wa kwanza nilipambana. Nikazima taa, nikawalaza, nikawaimbia, wakalia, nikaanza kuwakemea kwa kunong'ona ili wasiamshe nyumba. Mara mlango ukafunguka, mama akaingia na shuka mabegani, akasema, "Waache hao, mbona unawaonea? Wewe lala, nipe wajukuu zangu." Nikamwambia mama utachoka. Akaniambia, "Nimewasubiri miaka yote hii, usiku mmoja utanifanya nini."

Akawachukua sebuleni. Mimi sikulala, nilikaa koridoni nasikiliza. Akawasha tochi ya simu, akaisimamisha kwenye kikombe, akaanza kuwatengenezea vivuli ukutani kwa mikono, ndege, sungura, mbuzi mwenye pembe, na kila mnyama anamwongelesha kwa sauti yake. Mdogo ambaye mchana kutwa alikuwa hataki kumkaribia bibi, akimwona tu anazika uso shingoni kwangu, alitambaa taratibu mpaka akafika mapajani kwake akakaa. Hakuna aliyemwita. Hakukuwa na mashangazi kumi wanaomtolea mikono, hakukuwa na mtu anasema njoo kwa bibi, njoo, kwani unamwogopa bibi? Kulikuwa na giza na mwanga mdogo na mtu mmoja ambaye hakuwa na haraka. Siku tano mfululizo ilikuwa hivyo, kila siku wanalala mapema kidogo, tukitoka saa kumi alfajiri, saa tisa, saa nane, mpaka wakaingia kwenye usiku wa kule. Na siku walipoanza kulala saa mbili usiku kama watoto wengine, mama akaniambia asubuhi anaukumbuka ule usiku wao.

Mimi kwenye ratiba yangu nilikuwa nimeandika siku za mwanzo kama siku za hasara, watoto wazoee masaa kwanza ndio Krismasi ianze. Kumbe kwao ndiyo ilikuwa Krismasi yenyewe. Sherehe ya tarehe 25 na watu thelathini ndani ya nyumba, ambayo mimi niliilia miaka mitatu nikiwa huku, mkubwa aliikaa saa moja kisha akaniomba twende chumbani tukafunge mlango.

Na lugha. Huku nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili ndani, lakini mkubwa alikuwa ananijibu kwa lugha ya chekechea kila nikimsemesha, anaelewa vyote, anajibu kwa nyingine, na wazazi wengi wa ughaibuni mnaijua hiyo hali. Nilikuwa najaribu kumlazimisha, sema kwa Kiswahili, sema kwa Kiswahili, na yeye anazidi kunyamaza. Kwa bibi hakulazimishwa na mtu. Bibi hajui ile lugha nyingine, basi. Siku ya tisa au ya kumi nikasikia anamfokea mdogo wake uani, "Acha! Hiyo kopo yangu! Bibi amenipa mimi!" Nikasimama nilipokuwa. Ngeli zimekwenda kombo, kopo limekuwa hiyo, lakini ilikuwa sentensi nzima, yenye hasira ya kweli, iliyotoka kwake mwenyewe. Binamu zake walimcheka kwa yale makosa, "kiti yangu", "watoto mbili", nikawaomba wasimcheke, na bibi yeye alikuwa anarudia tu kwa usahihi bila kumsahihisha, "Eeh mume wangu, kiti chako hicho, kaa." Tuliporudi huku Kiswahili chake kilidumu kama miezi miwili kikaanza kufifia tena. Hakijafa lakini. Kwa sababu sasa anacho mtu wa kuongea naye ambaye anamjua mpaka miguu.

Kurudi kulikuwa kugumu na hapo ndipo neno nyumbani liliponichanganya. Siku ya kuondoka mimi nalia, mama analia, baba yao kageukia upande wa pili anajifanya anapanga mabegi, na mkubwa katikati yetu anauliza kwa furaha kabisa, "Tunaenda nyumbani?" Ndio baba. "Kwenye kitanda changu?" Ndio. Akaruka ruka. Lilinichoma, siwezi kuficha, nilihisi kama amemkataa mama yangu. Nimekuja kutulia baadaye. Kuna mwanasosholojia wa Marekani, Ruth Hill Useem, ambaye miaka ya 1950 aliishi India na familia yake akichunguza Wamarekani wenzake waliokuwa wanafanya kazi kule, na yeye ndiye aliyeanza kuwaita watoto wanaokulia nje ya nchi ya wazazi wao watoto wa utamaduni wa tatu, maana hawaishi ule wa wazazi wao wala ule wa nchi waliyopo, wanaishi katikati, kwenye kitu wanachokijenga na wenzao walio kama wao. Neno hilo limenisaidia. Mwanangu hajapoteza nyumbani kwangu, anayo kwake, ina kitanda chenye stika za magari, na nyumbani kwa bibi ni mahali anapopapenda sana. Mimi ndiye mwenye nyumbani moja iliyo mbali.

Kwa hiyo mwaka huu. Chekechea inafungwa tarehe 23 mpaka baada ya mwaka mpya, mimi bado nina kazi siku tatu katikati hapo, hakuna bibi wa kumpelekea mtoto wala shangazi wa kuja kushinda, na hilo ndilo jambo ambalo wenyeji huwa hawalielewi wakituambia pole pole likizo itapita. Wao wanaondoka. Jengo letu kuanzia tarehe 24 linakuwa kimya kabisa, ukifungua mlango unasikia lifti tu. Giza nalo linaingia mapema, maana tarehe 21 au 22 Desemba ndiyo siku fupi kuliko zote kaskazini mwa dunia, sisi ni nafuu, familia iliyoko Oslo siku hiyo inapata mwanga wa mchana kwa masaa yasiyofika sita, na walioko Sydney wao wana zaidi ya saa 14 za jua, wanahangaika kumlaza mtoto bado kweupe. Tumegundua kwamba watoto wakikosa kutoka nje asubuhi siku nzima inaharibika, kwa hiyo tunatoka saa tatu hata kama baridi inauma, nusu saa tu, bila mjadala.

Tumepatana na familia mbili nyingine za wageni kama sisi, kila moja inatoka nchi yake, tumegawana zile siku tatu, kila nyumba inakaa na watoto wote siku moja ili wengine wafanye kazi. Watoto wangu wanawaita wale akina mama shangazi na hakuna aliyewafundisha. Mwaka juzi mdogo alipopandisha homa usiku wa tarehe 24, kliniki yetu imefungwa na simu ya dharura inalia bila kupokelewa, mmoja wao alikuja saa saba usiku na kipimajoto na dawa ya watoto, akakaa na mkubwa sisi tukaenda hospitali. Kabla ya sikukuu andikeni kwenye karatasi namba za mahali palipo wazi, mbandike kwenye friji, msingoje homa.

Na simu ya tarehe 25 haipo. Nimewaambia nyumbani mapema, kwa upole, nikampigia mama mwenyewe kwanza kwa sababu nilijua wengine watanuna wakisikia kutoka kwa mtu mwingine. Nikamwambia mama, siku ile kelele ni nyingi watoto wanaogopa, naomba sisi tuwe na Jumamosi yetu, tarehe 25 mimi nitapiga peke yangu wakishalala nisalimie watu wote. Nilidhani ataumia. Akasema, "Afadhali, hata mimi siku ile huwa siwasikii."

Jumamosi iliyopita ndiyo tulipiga. Saa moja asubuhi, nje bado giza, watoto na nguo za kulalia. Shikamoo bibi, marahaba mume wangu, marahaba na wewe mdogo wangu, mmeamkaje. Wakaongea ya kuongea, jino, buti mpya, mdogo akaimba nusu ya wimbo akaishia hapo. Kisha mkubwa akashika simu kwa mikono miwili, akailaza sakafuni, akaweka mguu wake juu ya kamera, skrini yetu ikawa nyeusi yote.

"Bibi, umeona mguu wangu? Umekua."

"Nimeuona. Umekuwa mkubwa kweli."

"Haya na wewe onyesha."

Kule simu ikatikisika, dari ikapita, pazia, kona ya kabati, halafu ikatulia kwenye sakafu ya sebule ile ile, na miguu ya mama yangu ikiwa imesimama sambamba, mguu wa kushoto ndala imegeuka upande. Mdogo akainama mpaka pua ikagusa skrini. Mkubwa akaanza kuhesabu vidole.